Bima ya jeshi la Marekani "bure", mbona mwanangu anadaiwa dola 400?

SUALI: Asalaam alaykum. Mimi niko Wete. Mwanangu kaolewa na mwanajeshi wa Marekani, wanakaa Texas, ana bima ya TRICARE Prime na sote tuliambiwa matibabu ni bure. Goti lilimsumbua akaenda mwenyewe kwa daktari wa mifupa, sasa kaletewa karatasi anatakiwa atoe dola 400. Mumewe yuko mazoezini hapatikani. Tuchange huku tumpelekee?

JAWABU: Waalaykum salaam bimkubwa. Msichange kitu kwanza. Karatasi inayotoka kwa bima siyo bili, ni maelezo tu ya nani analipa nini, bili yenyewe inatoka kwa kliniki, kwa hiyo kwanza aziweke zote mbili pamoja azilinganishe.

Na bima si ya uongo. Mke wa mwanajeshi aliye kazini akiwa kwenye Prime kweli halipi ada ya kujiunga wala hachangii anapoonana na daktari, lakini sharti lake apitie kwa daktari aliyepangiwa na huyo ndo ampe rufaa ya kwenda kwa bingwa. Dharura haitaki rufaa, ila goti la kuuma siku nyingi halihesabiwi dharura. Akijipeleka mwenyewe, hata kama yule daktari ana mkataba na bima, hesabu inahamia kwenye kitu kinaitwa Point of Service na hapo ndipo panapouma: dola 300 za mwanzo za mwaka anatoa mfukoni (familia nzima ni 600), halafu kinachobaki wanagawana nusu kwa nusu na bima. Tuseme bei iliyokubaliwa na bima ilikuwa 500, anatoa 300, zinabaki 200, nusu yake 100, jumla ndo hizo 400 zenu. Kwa hiyo aangalie kwenye karatasi kama pameandikwa hayo maneno au herufi POS.

Kama rufaa ilikuwepo ila haikuunganishwa na dai, inatokea sana hii, basi apige simu TriWest, kampuni inayoendesha bima hii, maana ndo wanaosimamia Texas tangu 2025, awape namba ya rufaa aombe dai lipitiwe upya. Kama haikuwepo kabisa, deni ni lake, aombe kliniki alipe kwa awamu. Na ajue kabisa pesa hii haiingii kwenye kile kikomo cha mwaka cha familia, yaani kiasi cha juu kabisa familia inachotoa mfukoni kwa mwaka, ambacho kwa mume aliyeingia jeshini kabla ya tarehe 1 Januari 2018 ni dola 1,000, walioingia baada ya hapo chao kinapandishwa kidogo kila mwaka.

Wengi wakishapigwa hivi wanakimbilia Select, mpango mwengine wa TRICARE, kwa sababu mara nyingi haitaki rufaa. Mimi simshauri aharakishe. Kule kuna kiwango cha mwanzo anachotoa mfukoni kila mwaka, kwa hao wa kabla ya 2018 ni dola 50 kwa mtu mmoja kama mume ana cheo cha chini mpaka E-4, na 150 kuanzia E-5, halafu anachangia kila anapotibiwa. Akienda kwa daktari asiyekubali bei ya bima anaweza kuongezewa mpaka asilimia 15 juu, na hiyo pia haihesabiwi kwenye kikomo. Kwa kijana mzima mwenye kliniki ya jeshi karibu, Prime na rufaa yake ni nafuu zaidi, dawa nazo akichukua famasi ya kambi halipi hata senti. Kubadilisha mpango ni Novemba na Disemba, au ndani ya siku 90 baada ya jambo kubwa la kifamilia kama kuzaa.

Jengine, akija likizo Pemba akaugua ghafla, hospitali za huku zitataka fedha mkononi. Alipe, achukue risiti inayoonesha kalipa, siyo ankara peke yake, halafu ajaze fomu DD 2642 adai, muda ni miaka 3 kwa matibabu ya nje ya Marekani. Mumewe akija naye kwa pasi ya Marekani ile bima ya wageni ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar atalipa vilevile, TRICARE haimuondolei.

Mwambie anitumie ile karatasi ya bima na bili ya kliniki, namba zake za siri azifiche, niziangalie kabla hajalipa.