Maswali ya Wasomaji: Lori Zima, Kutoka Bandarini Hadi Kiwandani

Safari hii maswali mengi yamehusu mzigo wa lori zima unaotoka bandarini na kuvuka mpaka kuelekea eneo la viwanda. Tumechagua matano, na yaliyofanana tumeyaunganisha.

Hati ya shehena ilionyesha tani 26 kwenye kontena la futi 20. Lori letu la ekseli sita linaruhusiwa tani 50 kwa jumla, na tulikuwa chini sana ya hapo. Mbona mizani imetukamata?

Mizani haipimi jumla peke yake. Inapima pia kila kundi la ekseli, na huko ndiko wengi wanakonaswa. Hizo tani 50 zinatokana na viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki: tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 18 kwenye ekseli mbili za kichwa zenye matairi pacha, na 24 kwenye ekseli tatu za tela. Ukizidisha kundi moja, nafasi iliyobaki kwenye lingine haikuokoi.

Kwanza rekebisheni hesabu. Uzito unaoandikwa kwenye hati ya shehena kwa kawaida ni wa mzigo na vifungashio vyake. Kontena lenyewe halimo. La futi 20 likiwa tupu lina kama tani 2.3, na la futi 40 karibu tani 3.8. Kwa hiyo mlibeba zaidi ya tani 28. Takwimu ya kuomba ni ule uzito uliothibitishwa ambao, tangu tarehe 1 Julai 2016, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, unamtaka mtumaji autoe kabla kontena halijapakiwa melini. Huo unajumlisha kila kitu, hadi mbao za kukingia.

Halafu angalieni kontena lilikaa wapi juu ya tela. Chukulia kwamba kutoka kingpini (pini inayounganisha tela na kichwa) hadi katikati ya ekseli za tela ni mita 7.5. Kontena la tani 28 likisogezwa nyuma mita 1 tu, takribani tani 3.7 zinatoka kwenye kichwa na kuhamia ekseli za tela. Likifungwa mbele kabisa, ekseli za kichwa zinaelemewa. Likifungwa nyuma kabisa ili mlango uifikie rampu ya kiwanda, ekseli za tela ndizo zinazozidi. Amueni kufuli zipi za tela, zile zinazoshika kona za kontena, zitatumika kabla kreni haijashusha kontena, maana baada ya hapo kulisogeza kunahitaji kreni nyingine na foleni nyingine. La futi 40 halisogezwi, kwa hiyo ukaguzi wake unafanyika wakati wa kupakia: mwongozo wa CTU wa 2014, wa kupakia makontena na magari ya mizigo, unataka nusu moja ya urefu wa kontena isibebe zaidi ya asilimia 60 ya uzito wa mzigo.

Msisahau mafuta. Lita 800 za dizeli ni kama kilo 670, na zote ziko kwenye kichwa. Dereva akijaza tangi baada ya kupimwa, vipimo vya mwanzo havimsaidii tena.

Lori letu la transiti limezuiwa mpakani kwa sababu namba ya lakiri (kifungo cha mlango wa kontena) haifanani na ya kwenye nyaraka. Mzigo haujaguswa. Tufanye nini?

Kwa afisa wa forodha, lakiri yenye namba nyingine ni kontena lililofunguliwa, hadi ithibitishwe vinginevyo. Tafuteni lakiri ilibadilishwa wapi. Mara nyingi ni bandarini kwenyewe: kontena lilikaguliwa, lakiri ya meli ikakatwa, ikawekwa mpya, na tamko la transiti likabaki na namba ya zamani. Ombeni ripoti ya ukaguzi yenye namba zote mbili, kisha wakala wenu aombe tamko lirekebishwe katika ofisi lilikofunguliwa. Dereva asijaribu kumaliza jambo hili dirishani kwa maneno. Na asikate kitu.

Ili lisijirudie, dereva asimame nyuma ya kontena kabla ya kutoka getini, nyaraka mkononi, asome namba herufi kwa herufi. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ile ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia. Apige picha ya mlango mzima, kisha ya lakiri kwa karibu hadi namba isomeke. Aitikise lakiri kwa mkono: ya ulinzi wa juu, yenye alama ya H kwa kiwango cha ISO 17712, haichomoki. Lakiri ikikatika njiani kwa ajali, atoe taarifa kwa polisi au forodha iliyo karibu na apate maandishi hapo hapo. Barua iliyoandikwa siku mbili baadaye haina nguvu hiyo.

Wengine mmeuliza kwa nini dhamana ya transiti (ahadi ya mdhamini kulipa ushuru mzigo usipofika) bado imefungwa wakati lori limeshushwa zamani. Dhamana haifunguliwi na lori kufika. Inafunguliwa na ofisi ya forodha ya mwisho kuthibitisha kwamba mzigo umefika. Dereva akipita bila uthibitisho huo, kwenye kumbukumbu mzigo bado uko njiani, na mdhamini ataanza kudaiwa ushuru. Chini ya mkataba wa TIR wa 1975, wa kuvusha mizigo mipakani chini ya lakiri za forodha, ni vivyo hivyo: karatasi za kila nchi lazima zigongwe muhuri wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

Tunabeba vyuma kwenye tela la wazi. Mikanda mingapi inatosha?

Swali la idadi linakuja mwisho. Kanuni ya Ulaya ya EN 12195-1 inataka mzigo uzuiwe kwa asilimia 80 ya uzito wake kuelekea mbele, kwa ajili ya breki ya ghafla, na asilimia 50 kuelekea pembeni na nyuma. Tuchukue tani 10 kwenye sakafu yenye vumbi, ambayo msuguano wake ni 0.3. Msuguano unashika tani 3. Zinazohitajika ni 8. Zilizobaki 5 lazima zishikwe na kitu.

Sasa tazama lebo ya mkanda. Kuna tarakimu ya LC, ambayo ni nguvu ambayo mkanda unaweza kuhimili ukivutwa, na ya STF, ambayo ni mkazo unaobaki baada ya kukaza kwa mkono. Watu husoma LC, wakaona 2,500, wakadhani mkanda uliopita juu ya mzigo unashika tani mbili na nusu. Haushiki. Mkanda wa juu kazi yake ni kuugandamiza mzigo sakafuni, na unagandamiza kwa kadiri ya STF. Kwa STF ya 350, mzigo huu ungehitaji karibu mikanda 30. Hakuna dereva atakayeifunga.

Weka mikeka ya mpira chini ya mzigo, msuguano upande hadi 0.6, na idadi inashuka hadi 6. Au sogeza mzigo ubanane na ukuta wa mbele wa tela, ikiwa ukuta una uwezo uliothibitishwa na ekseli zinaruhusu. Sisi tungenunua mikeka kwanza. Koili nzito ni habari nyingine: zinataka tela lenye bonde la kulaza koili, si kabari za mbao.

Mikanda ikazwe tena baada ya kilomita chache za mwanzo. Mzigo hutulia, mikanda hulegea.

Demareji na tozo ya kuchelewesha kontena si kitu kimoja?

Hapana. Demareji inahesabiwa kontena lenye mzigo likikaa bandarini kupita siku za bure. Ile nyingine inahesabiwa kontena likiwa nje, mpaka lirudishwe tupu. Gharama ya uwanja wa bandari ni ya tatu, na zinaweza kwenda pamoja. Kabla ya kukubali bei ya safari, uliza kontena tupu linarudishwa wapi. Kama kiwanda hicho hicho kinauza nje, omba kampuni ya meli iruhusu kontena lipakiwe tena huko huko. Ikikubali, umeokoa safari tupu. Kontena liwe kavu, safi, la ukubwa unaotakiwa, na la kampuni hiyo hiyo.

Mashine imefika imevunjika, lakini tulishasaini kupokea. Tumechelewa?

Inategemea mkataba wa usafirishaji. Chini ya mkataba wa CMR wa 1956, wa kusafirisha mizigo kimataifa kwa barabara, unaotumika hasa Ulaya na kwa majirani zake, uharibifu unaoonekana unaandikwa wakati wa kupokea. Uliojificha unaarifiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Ukikosa hayo, inachukuliwa kwamba mzigo ulifika salama, na jukumu la kuthibitisha vinginevyo ni lako. Fidia nayo ina kikomo: vizio 8.33 vya SDR, kizio cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa kila kilo. Mashine ya kilo 500 haivuki 4,165, hata kama thamani yake ni mara kumi ya hapo. Tofauti hiyo inalipwa na bima ya mzigo, kama mlikata.

Kwa safari zijazo, mpokeaji asiandike "chini ya ukaguzi" akadhani amejikinga. Aandike kinachoonekana: "kasha namba 4, kona ya chini kulia imepasuka, mbao zimelowa", dereva asaini pembeni, na picha zipigwe mzigo ukiwa bado juu ya tela. Dereva naye, akipewa kontena lililokwisha kufungwa, aandike kwenye hati kwamba hakuhesabu wala kuona kilichomo, na sababu yake.