Ruta ina paswadi mbili, na wewe umebadilisha moja

Dada Fundi anajibu maswali ya wasomaji

SWALI: Dada Fundi, nina ploti ya nyumba sita hapa Migosi, Kisumu, na mwenyewe naishi mle mle. Mwaka jana niliwekewa fiba. Mwanzoni ilienda mbio, lakini siku hizi ikifika saa moja jioni hata taarifa ya habari inakwama kwa simu. Paswadi ya waifai nimebadilisha si mara moja. Haiishi wiki, vijana wa ploti wako ndani tena. Mwanangu anasema kuna mtu anapitia nyuma. Hilo linawezekana? Na nitawafungia vipi bila kugombana na wapangaji? – Mama Ploti, Migosi

JIBU: Linawezekana, Mama, mwanao hajakosea. Ruta ina paswadi mbili. Ya kwanza ndiyo hiyo unayobadilisha, ile mtu anaandika kwa simu ili apate intaneti. Ya pili inafungua ruta yenyewe, pale panapowekwa hiyo ya kwanza, na watu wengi hawajui hata kama ipo. Geuza ruta yako. Chini kuna stika yenye nambari kama 192.168.1.1 au 192.168.100.1, kisha jina la kuingilia, mara nyingi "admin", na paswadi ya kiwandani. Kwa ruta nyingi, hasa za zamani, paswadi hiyo ni moja kwa kila ruta ya aina ile, na anayejua kutafuta mtandaoni anaipata kwa dakika moja. Kubadilisha ya waifai ukaacha hii ni kama kununua kufuli mpya huku keateka uliyemfukuza bado anatembea na funguo za ploti nzima.

Mteja wangu mmoja wa Manyatta alikuja na malalamiko kama yako. Ruta nyingi zinaweza kurusha zaidi ya jina moja la waifai, na yeye alilijua moja tu. Nilipofungua ukurasa wa mipangilio nikaona jina la pili limewashwa, limefichwa lisionekane kwenye simu, lina paswadi yake. Kuna aliyeingia siku moja kwa "admin" akajitengenezea njia, akanyamaza. Mama wa watu alikuwa akibadilisha paswadi ya jina la kwanza kila mwisho wa mwezi, na mgeni wala hahisi kitu.

Kwa hivyo anza na hiyo ya pili. Simu yako ikiwa kwenye waifai ya nyumbani, andika ile nambari ya kwenye stika pale juu panapoandikwa anwani ya tovuti. Ukurasa ukifunguka, ingia, tafuta pa kubadilisha paswadi ya admin, ubadilishe. Ikiwa kampuni iliyokuwekea intaneti imepafunga mahali hapo, wapigie simu wakubadilishie, na usikate simu hadi wakubali. Halafu pitia majina yote ya waifai yaliyomo. Ruta za siku hizi hurusha mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, na kila moja huweza kuwa na jina lake na paswadi yake. Huenda miezi yote hii umekuwa ukibadilisha moja na nyingine imebaki na ile ya zamani. Jina lolote usilolijua, zima.

Ukiwa humo humo, tafuta neno WPS, ulizime. Hicho ni kile kitufe cha kuunganisha simu bila kuandika paswadi. Mtu akipita sebuleni kwako akakibonyeza, ameingia. Lakini kuna baya zaidi: WPS ina pini ya tarakimu 8, na mwisho wa 2011 ilijulikana hadharani kwamba ruta huikagua vipande vipande, nne za kwanza, kisha tatu, na ya mwisho hupatikana kwa hesabu. Badala ya mamilioni ya majaribio, mwizi anahitaji yasiyozidi 11,000. Programu inayofanya kazi hiyo kijana anaipakua bure na kuiacha ijaribu usiku kucha.

Kwenye sehemu ya usalama, panapochaguliwa aina ya kufuli ya waifai, chagua WPA3, iliyotoka 2018. Simu yako ya zamani ikiikataa, chagua ile inayochanganya WPA2 na WPA3, au WPA2 yenye AES (njia imara ya kuficha data). Ukikuta imeandikwa WEP, kufuli ya zamani zaidi, ujue hiyo ilishavunjwa tangu 2001, na ruta ambayo haina kingine zaidi ya hiyo ni ya kutupa.

Sasa paswadi yenyewe. Ninaomba, ninasihi: usiweke nambari ya simu. Hapa Kisumu nikiambiwa nikisie paswadi ya waifai ya nyumba, naanza na nambari ya mwenye nyumba, na mara nyingi imeandikwa getini chini ya "nyumba ya kupangisha". Hata asiyeijua hana kazi kubwa. Kwa WPA2, mtu anaweza kunasa hewani zile salamu ambazo simu yako na ruta hupeana zinapounganika, akaenda nazo kwake, akakisia huko bila ruta yako kujua lolote. Nambari inayoanza na 07 ina tarakimu 8 za kukisia, yaani uwezekano milioni 100. Kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, zile za kuchezea michezo, inaumaliza kwa dakika chache. WPA2 inakubali herufi 8 hadi 63, kwa hivyo jipe nafasi: unganisha maneno manne au matano yasiyohusiana, changanya Kiswahili na Kijaluo ukipenda. NgegeJembeSufuriaKoth ni mfano mzuri, ila sasa umechapishwa, tafuta wako.

Ya wapangaji ni rahisi kuliko unavyodhani. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, wenye jina na paswadi yake, ambao haugusi vifaa vyako vya ndani. Kama yako inakuruhusu kuupunguzia kasi, upunguzie. Wape huo, nao wataacha kutafuta mwingine. Ila kama unataka kuwatoza pesa, soma kwanza mkataba wako, maana vifurushi vingi vya nyumbani vinakataza kuuza intaneti.

Na kabla hujamlaumu kijana wa nyumba namba tatu, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uhesabu. Saa moja jioni ndiyo saa ya kila mtu. Ukikuta simu zenu na televisheni tu, tatizo ni pengine: labda ruta imesukumwa nyuma ya televisheni, au kuta za mawe zinakula mawimbi. Kuingilia mtandao wa mwenzako bila ruhusa ni kosa, na sheria ya 2018 ya uhalifu wa kompyuta ina faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Lakini kumpeleka mtoto wa watu kituoni kwa sababu ya kutazama mpira, Mama, hapo mimi simo.

SWALI: Mimi ni mwalimu, naishi Section 58, Nakuru. Jirani yangu anasomea kompyuta, kwa hivyo nilichukua tahadhari: nimelificha jina la waifai yangu na nimeandika kwenye ruta orodha ya anwani za MAC (nambari za kutambulisha kila kifaa) za simu zinazoruhusiwa. Sasa simu yangu mpya inakataliwa, ingawa niliinakili anwani yake vizuri kutoka kwenye mipangilio. Nimekosea wapi?

JIBU: Mwalimu, hujakosea kunakili. Uliyoinakili ndiyo anwani halisi ya simu, lakini simu haiitumii. Kuanzia Android 10 na iPhone za iOS 14, simu hubuni anwani nyingine ya kutumia kwenye kila waifai, ili wenye mitandao wasiifuatilie inakozunguka. Ukitaka orodha yako ifanye kazi itabidi uzime ulinzi huo kwa kila simu ya nyumba, na kwa faida gani? Anwani za MAC hupita hewani wazi. Huyo jirani akisikiliza dakika mbili ataona ya simu unayoiruhusu na kuivaa.

Kuficha jina nako kuna hasara yake. Jina likifichwa, simu haiwezi kungoja isikie ruta, kwa hivyo inaliita yenyewe. Ukiwa steji ya matatu au sokoni Wakulima, mfukoni mwako kuna simu inayouliza mara kwa mara kama waifai yako iko karibu. Futa orodha, rudisha jina lionekane (lisiwe jina lako wala nambari ya nyumba), kisha fanya yale niliyomwambia Mama Ploti hapo juu. Akiweza kupita hapo, basi amesoma vizuri.

SWALI: Nimenunua kamera ya getini inayotumia waifai. Inafanya kazi vizuri, naona geti nikiwa kazini. Kuna haja ya kufanya lolote? – Kijana wa Mamboleo

JIBU: Ipo. Leo hii, bila kusubiri jioni, badilisha paswadi ambayo kamera ilikuja nayo. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilivamia kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu orodha fupi tu ya paswadi za kiwandani. Kisha ihamishe kwenye mtandao wa wageni, mbali na kompyuta na simu zenu. Na ukiwa kwenye ukurasa wa ruta, hakikisha usimamizi wa kutoka nje, yaani kuifungua ruta ukiwa mbali kupitia intaneti, umezimwa.

SWALI: Radi ya juzi hapa Lurambi, Kakamega, ilizima ruta. Fundi alibonyeza kitobo cha nyuma kwa sindano ikawaka, lakini sasa jina la waifai limekuwa geni na hakuna simu inayoingia. Pia, mvua ikianza niondoe nyaya gani? – Mama Watoto

JIBU: Kile kitobo hufuta kila kitu. Ruta imerudi ilivyotoka kiwandani, pamoja na paswadi ya admin na huenda WPS, kwa hivyo panga upya yote. Ukimaliza, yaandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa kabati. Watu hucheka paswadi za karatasini, lakini wezi wa waifai hawafungui makabati.

Mawingu yakianza kukusanyika alasiri, chomoa waya wa umeme ukutani, na kama intaneti yako inatoka kwa antena ya paani, chomoa na huo unaoteremka kutoka juu. Uzi wa fiba ni kioo, haupitishi umeme, kwa hivyo uache hapo hapo. Ukiuchomoa kila mvua inaponyesha, vumbi litaingia kwenye kichwa chake, na utakaa bila intaneti hadi fundi aje.