Kentucky 2024: nani katoka, nani kaingia
Umeuliza inawezekanaje timu ya kikapu ya chuo iondoke karibu yote kwa mkupuo, inawezekana kaka na Kentucky, chuo kikuu cha Marekani, ndo mfano wenyewe. Walitolewa na chuo cha Oakland 80-76 raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa ya vyuo, mwezi wa nne kocha Calipari akahamia Arkansas na vijana watatu wakamfuata, Wagner, Thiero na Ivisic, Bradshaw akaenda Ohio State, Onyenso Kansas State, halafu Sheppard na Dillingham wakaingia NBA wakachaguliwa namba 3 na namba 8, yaani kocha mpya Mark Pope kafika kakuta nyumba tupu.

Akajaza kwa wachezaji waliohama toka vyuo vingine. Robinson alikuja nae toka BYU, chuo alichokuwa anafundisha Pope mwenyewe, Oweh toka Oklahoma, Brea toka Dayton, Williams yule Muingereza toka Drexel, na Butler aliyepiga lile shuti la mwisho lililoipeleka San Diego State fainali ya mashindano hayo 2023. Kentucky wakafika 16 bora 2025, na Arkansas nao wakafika.

Zamani ukihama unakaa benchi msimu mzima, 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wakaruhusu kuhama mara moja bila kukaa, 2024 ikawa hata kila mwaka mradi masomo yako yako sawa. Mashabiki wanaumia kweli maana jina ulilolizoea linapotea, ila mi nasema ni haki, makocha walikuwa wanahama miaka yote na hakuna aliyewaambia wakae nje.