Nano sio maneno ya matangazo tu
Ndugu umeuliza kama hii nano (teknolojia ya vitu vidogo mno) ni maneno ya matangazo tu, hapana bana, ipo kweli, gawanya mita 1 mara bilioni ndo unapata nanomita, na kitu kikiwa kidogo hivyo kinabadilika tabia, dhahabu yenyewe ikiwa chembe za nano ndani ya maji inaweza kuonekana nyekundu! Chanjo za korona za mRNA (maelekezo yanayoiambia seli itengeneze protini ya kirusi) zilibebwa kwenye vitone vya mafuta vya saizi ya nano. Mi kinachonisumbua ni soksi za kuzuia harufu, wanaweka chembe za nano za fedha (madini, sio hela 😂) ziue bakteria wa harufu, ukifua zingine zinatoka na maji machafu, na fedha haichagui bakteria wa kuua. Umoja wa Ulaya 2022 walishapiga marufuku titani dioksaidi (rangi nyeupe, baadhi ya chembe zake ni za nano) kwenye chakula, ila kwenye dawa bado inaruhusiwa, sasa hapo sijui tucheke au tulie