Je, Sadaka ya Chakula Ifuate Habari Zinazovuma?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Msikitini kwetu mchango wa chakula kwa ajili ya Gaza ulijaa Ijumaa moja tu, lakini wa Sudan haukufika hata robo yake, na wapo waliosema wakimbizi walioko Kigoma hawatuhusu kwa kuwa wengi wao si Waislamu. Mimi ni mweka hazina wa kamati. Je, tuna dhambi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Aliyetoa kwa nia safi hana dhambi kwa sababu moyo wake umevutwa na maafa aliyoyaona, na uchungu wa watu wa Gaza ni wa haki. Lakini wewe, ndugu yangu, umeshika amana, na hukumu yako ni nyingine.

Thumama bin Uthal, mkuu wa kabila la Banu Hanifa huko Yamama, kulikotoka nafaka ya Makka, aliposilimu aliwaapia Maquraishi kwamba haitawafikia hata punje moja ya ngano mpaka Mtume (s.a.w.) atoe idhini. Njaa ilipoibana Makka, wakamwandikia Mtume wakimkumbusha udugu wa damu, naye, ilhali ndio waliomtoa katika mji wake na kumpiga vita, akaagiza nafaka iachiliwe. Lau watu wa Madina wangeulizwa rai yao siku hiyo, sidhani kama wengi wangeitetea Makka. Hata hivyo chakula kilikwenda.

Sisi leo tunangoja habari ivume ndipo tuhurumie. Agosti 2024 njaa kuu ilithibitishwa katika kambi ya Zamzam, Darfur ya Kaskazini nchini Sudan, na mimbari nyingi, nasema kwa majonzi, zilinyamaza. Kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, waliko wakimbizi wa Kongo na Burundi, mwaka 2023 mgao ulishushwa hadi nusu ya kipimo kamili kwa upungufu wa fedha za wafadhili. Waliosema hawatuhusu wasome Suratul Baqara, aya ya 272, iliyoshuka baadhi ya Masahaba waliposita kuwapa sadaka jamaa zao washirikina, nayo ikawaruhusu kuwapa.

Basi, fedha iliyotolewa kwa jina la Gaza iende Gaza, wala kamati haina ruhusa ya kuigeuza. Fungu lisilotajiwa mahali ligaweni kwa kadiri ya dhiki, mkiwauliza kwanza wanaoijua hali ilivyo. Zaka ina masharti yake, na kwa kauli ya wanazuoni walio wengi fungu la mafukara ni la Waislamu. Sadaka ya kawaida haina mpaka huo. Na Ijumaa ijayo mwombe khatibu aitaje Sudan na Kigoma kabla sanduku halijapitishwa.

Wallahu aalam.