Kabla hujarusha habari ya mtaa kwenye grupu wakati wa janga, weka tarehe

Tukiongelea habari za uongo za kipindi cha korona watu wanakumbuka zile kubwa kubwa, minara ya simu kuchomwa moto Uingereza mwezi wa nne 2020 eti 5G ndo inaleta ugonjwa, au kule Iran ambako mamia ya watu walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu ya methanoli wakiamini inaua kirusi. Yalitokea kweli na yaliumiza watu. Ila mimi nimekuwa admini wa grupu la mtaa kipindi chote kile, na nikikaa nikajiuliza ni nini hasa kiliwasumbua majirani zangu siku hadi siku, jibu langu ni jingine kabisa: ni matangazo ya kweli yaliyopitwa na wakati. Yaani tangazo halali, limetoka ofisi halali, muhuri upo na sahihi ipo, ila ni la mwezi uliopita na hamna anayejua.

Mfano ndo huu. Karatasi imebandikwa getini inasema kuanzia kesho kliniki ya watoto itakuwa asubuhi tu. Mtu anapiga picha, anaikata juu na chini ili maandishi yaonekane vizuri kwenye simu, kumbe alichokata juu ndo tarehe yenyewe. Picha inaingia grupu la mtaa, inahamia la wazazi wa shule, inahamia la kikoba, inazunguka huko wiki kadhaa halafu inarudi kwetu ikiwa mpya kabisa, na mtu anaamka alfajiri na mtoto wake anaenda kukuta ratiba ilishabadilika mara mbili. Huyo ukimwambia kesho yake kwamba kuna tangazo jingine hakuelewi, na ana haki, manake nauli ameshalipa na foleni ameshasimama. Akishachoka hivyo hata tangazo sahihi analipita tu.

Na wala siyo kwamba wakubwa walikuwa wanadanganya. Ugonjwa ulikuwa mpya, wao wenyewe walikuwa wanajifunza huku wanatembea. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza dharura tarehe 30 Januari 2020, na tarehe 11 Machi likasema sasa hili ni janga la dunia nzima, na kipindi hicho ushauri wao ulikuwa kwamba mtu asiyeumwa na asiyemhudumia mgonjwa hana haja ya kuvaa barakoa. Ilipofika tarehe 5 Juni mwaka huohuo wakabadilisha, wakasema sehemu ambako maambukizi yameenea na kukaa mbalimbali hakuwezekani, kama kwenye basi au dukani, wananchi wavae barakoa za kitambaa. Sasa hebu fikiria skrinishoti mbili, moja ya mwezi wa tatu na nyingine ya mwezi wa sita, zote zina nembo ileile, zimeingia grupu moja jioni moja. Watu waligombana mpaka wengine wakaleft. Na zote mbili zilikuwa za kweli! Suala la mgonjwa akae pekee yake siku ngapi nalo lilikuwa hivyohivyo, mwanzoni WHO walitaka vipimo viwili vioneshe hana kirusi ndo aachiwe, mwezi wa tano 2020 wakalegeza, siku 10 tangu dalili zianze na angalau 3 za nyongeza bila dalili. Mwenye karatasi ya zamani na mwenye karatasi mpya kila mmoja anamuona mwenzake muongo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukiamua kuacha kusoma hapa sawa tu, ni kwamba habari yoyote ya huduma unayoirusha iwe na siku iliyothibitishwa, aliyeithibitisha ni nani kwa cheo chake, na itakwisha lini. Hiyo ya mwisho ndo watu huisahau. Sisi tulizoea kuandika hivi: "Leo Jumanne tarehe 9 Juni saa nne asubuhi nimeongea na nesi wa zamu, chanjo za watoto zipo, mnaingilia mlango wa nyuma, kadi ya kliniki muhimu, mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja. Hii ni mpaka Ijumaa, baada ya hapo ulizeni upya." Ni ujumbe mfupi, hauna emoji za mikono inayoomba, hauna "tafadhali sambaza kwa wote", na ukirudi kwako baada ya mwezi utajua muda wake umeshapita. Ukitaka kutuma picha ya tangazo tuma, lakini andika maneno hayo chini yake, na usikate picha.

La pili ni kwamba grupu likishazoea habari za kufungwa, watu wanadhani kila kitu kimefungwa. Hili liliniuma sana kwa kweli. Shule zimefungwa, ibada zimefungwa, baa zimefungwa, basi mtu anamaliza mwenyewe kichwani kwamba na zahanati itakuwa imefungwa, au ipo wazi lakini ukienda ndo unaupata ugonjwa hukohuko, anakaa nyumbani na presha yake. Duniani kote ilikuwa hivyo, mwaka 2020 WHO waliuliza nchi zaidi ya 100 na karibu 9 kati ya kila 10 zikasema huduma zao za afya za kawaida zimeyumba, na hesabu za WHO na UNICEF zinaonesha watoto milioni 23 walikosa chanjo za msingi mwaka ule. Surua haisubiri korona iishe. Ndo maana ujumbe uliosaidia kuliko yote kwenye grupu letu ulikuwa huu mdogo, "wapo wazi". Wajawazito bado wanapimwa. Dawa za kifua kikuu bado zinatolewa. Anayetumia dawa za kila siku aulize kama anaweza kupewa za miezi mitatu kwa mpigo ili asiwe anapanga foleni kila mwezi, manake sehemu nyingi utaratibu huo uliruhusiwa na watu walikuwa hawajui hata kuuliza. Rusha hayo kila wiki hata kama hamna jipya, usione unajirudia.

Sasa hizo habari unazipata wapi. Ukipiga namba ya ofisi kuu utasikilizishwa muziki mpaka salio liishe, na ukipata mtu atakusomea lile tangazo ulilonalo tayari. Mimi nilijifunza kuwauliza walio mlangoni. Mlinzi wa geti anajua dirisha la vyeti vya kuzaliwa limefunguliwa au limefungwa na leo wanahudumia watu wangapi kabla ya kuwarudisha wengine. Anayepita na gari la taka anajua kama kesho atakuja. Kondakta anajua basi la mwisho linaondoka saa ngapi ili liwahi kafyu, na kama wanabeba nusu abiria. Watu hawa ndo wanaoliona tangazo likigeuka kuwa utaratibu, na hawatafutwi na mwandishi yeyote. Ila usije ukarusha namba ya simu ya nesi kwenye grupu la watu mia mbili eti muulizeni wenyewe. Atapigiwa usiku kucha, kesho anaizima, na wewe umepoteza chanzo. Mtu mmoja aulize, wengine wasome.

Vile vile grupu siyo mtaa. Kila grupu lina wale wenye simu kubwa na bando, na mara nyingi wanaohitaji habari zaidi, wazee, wapangaji wapya, wale wanaotumia kitochi, hawamo. Kilichofanya kazi kwetu ni kugawana milango, kila mwanagrupu aliyekubali anachukua nyumba nne tano za jirani zake na kazi yake ni kupiga simu au kusimama nje ya dirisha na kusema. Karatasi zilizoandikwa kwa makapeni nazo zilisaidia, kubwa, maneno machache, tarehe juu kabisa, na mtu mmoja ana jukumu la kuzibandua zikiisha muda. Kubandika kila mtu anapenda, kubandua hamna anayetaka! Kipaza sauti cha msikitini au kanisani ni kizuri sana kwa jambo moja tu kwa wakati mmoja, ukisoma matangazo saba mfululizo watu wanabaki na la mwisho, na hata hilo nusu.

Kuna jambo ambalo kwangu halina mjadala: jina la mgonjwa haliingii kwenye grupu. Wala nyumba yake, wala picha ya gari la wagonjwa limesimama getini kwake, wala "nyumba ile ya geti la bluu karibu na kisima mchukue tahadhari". Watu watakwambia wanalinda watoto wao. Najua, na hofu ile naielewa. Lakini angalia kinachofuata, jirani wa huyo mgonjwa naye anakohoa, ameona mwenzake alivyofanywa, basi anameza vidonge vya maumivu anajificha, hapimi, na anatoka kwenda kazini asionekane kama anaumwa. Kumtaja mmoja kunawaficha wengine. Mwenye kazi ya kuwatafuta waliokaribiana na mgonjwa ni watu wa afya, wana utaratibu wao wa kuwaambia wahusika bila kumtangaza. Kazi ya grupu ni kuuliza kwa siri kama ile nyumba ina maji na chakula na nani atapeleka mpaka mlangoni. Mtu akikaidi akataja jina, futa ujumbe, mwandikie pembeni, akirudia mtoe. Nilitukanwa kwa hilo na ningefanya tena.

Kuhusu misaada, hapo ndo matapeli wanapoishi. Ujumbe unakuja kwamba serikali au shirika fulani linatoa pesa za janga, bonyeza linki hii ujaze jina lako, namba ya kitambulisho, kisha usambaze kwa marafiki kumi ndo pesa iingie. Sijawahi kuona msaada wa kweli unaoingia kwa kusambaza meseji kwa marafiki kumi. Na hamna msaada unaohitaji namba yako ya siri ya pesa za kwenye simu, kupokea pesa hakuhitaji namba hiyo kabisa. Hata misaada ya kweli ina shida yake ya orodha, nani kaandikwa na nani karukwa, na mtaa unaweza kupasuka kwa hilo kuliko kwa ugonjwa wenyewe. Ushauri wangu ni grupu lisitengeneze orodha kama halina haja, liseme tu uandikishaji unafanyika wapi, siku gani, unabeba nini, na ukirukwa unalalamika wapi.

Za takwimu za kila jioni sitasema mengi. Ile namba ya wagonjwa wapya inategemea wangapi wamepimwa, na mara nyingi ni ya vipimo vilivyochukuliwa siku kadhaa nyuma, kwa hiyo ikishuka leo haimaanishi mtaa wenu ni salama leo. Kwenye grupu letu tuliacha kuziweka, aliyezitaka alijua pa kuzipata. Zilikuwa zinaleta mabishano tu na kuzika tangazo la maji.

Sauti zilizorekodiwa, zile za "jamani mimi nina ndugu yangu yupo ndani kabisa hospitali kubwa ameniambia", tuliweka sheria rahisi, ukitaka kurusha sauti andika chini yake ni nani anaongea na lini. Asilimia kubwa ziliishia hapo, manake aliyerusha naye hajui. Mwezi wa nne 2020 WhatsApp wenyewe waliweka kizuizi, ujumbe uliokwisha kusambazwa sana ukawa unapelekwa kwenye chati moja tu kwa mara moja, na ile alama ya mishale miwili ikawa inakuonesha kwamba umetoka mbali. Ukiiona mishale hiyo kwenye habari inayodai ni ya mtaa wako, jiulize kwanza mtaa gani huo unaojulikana na watu wote hao.

Na msitegemee mambo yote yatarudi kwa siku moja. WHO walisema tarehe 5 Mei 2023 kwamba ile dharura ya dunia imekwisha, lakini huduma hazikusubiri tarehe hiyo na wala hazikurudi pamoja, nyingine zilikuwa zimerudi zamani, nyingine zilibaki na saa za janga mpaka watu wakazizoea. Kwa hiyo grupu lisivunjwe haraka, badala yake ifanyike kazi moja ya kuchosha: pitia zile taratibu zote za muda, uliza moja moja kama bado ipo, na uandike ambazo zimefutwa. Halafu kaa na simu yako ufute ile orodha uliyokuwa nayo ya nani alikuwa karantini na nani alipelekewa chakula na nani anatumia dawa gani, futa na kwenye daftari, chana kurasa, na uwaambie waliokuwa wanakusaidia na wao wafute zao.