Kabla hujakata tiketi ya Bangkok, angalia kwanza mwezi wao

Kuna mdogo wangu mmoja msomaji kanitumia meseji, anasema dada nimepata tiketi ya Bangkok bei nzuri sana, nafika Jumamosi tarehe 11 Aprili, naondoka tarehe 16, hela nimeshabadilisha dola, naomba tu unielekeze kule soko la nguo la Pratunam maduka ya magauni ya jumla ni yapi. Nikamuuliza tiketi umeshalipia? Kasema ndio dada, nimelipia jana. Nikabaki naiangalia simu.

Yeye nimeshamjibu pembeni, hapa naandika kwa ajili ya nyie wengine maana najua kila mwenye frem na kila anayeuza kupitia status ana ndoto hiyo hiyo, siku moja nikachukue mzigo mwenyewe niache kununua kwa mtu wa kati. Mambo ya viza, kadi ya njano, hoteli na kupima kilo za kago sitaki kuyaongelea leo, yanachosha na yako kila mahali. Leo naongelea kalenda. Hakuna anayewaambia kuhusu kalenda.

Tarehe 13, 14 na 15 Aprili kila mwaka Thailand ni Songkran, mwaka mpya wao wa asili. Mwaka huu 2026 tarehe 13 ni Jumatatu, kwa hiyo ukichanganya na wikendi watu wameshaondoka mjini Ijumaa jioni, na mdogo wangu anatua Jumamosi na begi lake tupu. Sisi tumezoea Kariakoo, hata Idi mosi ukizunguka utampata wa kukuuzia, basi tunadhani dunia nzima iko hivyo. Bangkok wakati wa Songkran jengo linaweza kuwa wazi na AC inapuliza lakini vibanda ndani vimefunikwa shuka, kimoja kimoja ndio kina mtu, na huyo naye anauza kilichobaki. Halafu mafundi. Wengi wanaoshona zile nguo wametoka Isaan, kaskazini mashariki huko, wengine wanatoka Myanmar, na huu ndio wakati wao wa kwenda kwao, stendi ya mabasi ya mikoani ya Mo Chit inajaa mpaka watu wanalala chini. Barabarani ajali zinakuwa nyingi kiasi kwamba serikali yao kila mwaka inatangaza siku saba za hatari. Sasa wewe unataka oda yako ishonwe na nani?

Mimi 2023 nilitengeneza hela kwa sababu ya hii kalenda na nasema wazi, sioni haya. Mwaka ule mnakumbuka Idi iliangukia mwishoni mwa Aprili, wiki moja tu hivi baada ya Songkran. Wafanyabiashara wenzangu walipanga kama kawaida yao, Ramadhani ikifika katikati ndio wapande ndege, wabebe fasheni mpya kabisa, warudi kumi la mwisho watu wakiwa na hela mkononi. Nikawaambia kwenye grupu jamani Aprili kule hamna kitu, twendeni mapema. Dada mmoja mkubwa kwenye biashara, mtu ambaye kila mtu anamsikiliza, akaniandikia mbele ya wote kwamba wewe umeanza lini kutufundisha Bangkok. Watu wakaweka emoji za kucheka. Sawa.

Nikaenda peke yangu mwanzoni mwa Machi. Oda nilikuwa nimeshaongea na mama wangu wa pale Pratunam, nikalipa advansi, mzigo ukashonwa, ukaingia kwenye kago kabla hata mwezi wa Ramadhani haujaandama. Wenzangu walienda Aprili. Nilichokuwa naona kwenye status zao ni picha za shata zimefungwa na video za watu wanamwagiana maji barabarani. Idi ile magauni yangu yaliisha, na kati ya walionunua kwangu kwa jumla wakauze walikuwepo wa zile emoji. Niliwauzia bei ile ile niliyomuuzia kila mtu, ila risiti niliandika kwa mwandiko mkubwa.

Lakini kuna kitu kingine kilitokea safari ile na nikikikumbuka mpaka leo kifua kinabana. Tarehe 6 Machi 2023 ilikuwa Makha Bucha, mwezi mpevu wa mwezi wa tatu kwa hesabu yao. Wanakumbuka wanafunzi 1,250 wa Buddha walivyokusanyika siku moja bila kuitwa na mtu. Benki zimefungwa, ofisi za serikali zimefungwa, ila Pratunam maduka mengi yanafungua, kwa hiyo tulimalizana biashara mchana, na jioni mama wangu akaniambia napita hekaluni na mjukuu, twende tu uone halafu tukale. Tukaenda Wat Pathum Wanaram, lile hekalu limekaa katikati ya mamoli makubwa ya mtaa wa Siam, unatoka kwenye maduka ya saa za gharama hatua chache unakuta watawa wamekaa chini. Watu wanashika ua la yungiyungi, mshumaa na vijiti vitatu vya ubani, wanalizunguka jengo mara tatu, bega la kulia ndio linakuwa upande wa hekalu, taratibu, hakuna anayesukumana, nta inadondokea vidoleni na mtu anavumilia tu. Mimi nilikaa pembeni. Yule mtoto kamba ya kiatu ikafunguka, bibi yake akanipa nimshikie ua wakati anainama. Hapo hapo Mtanzania mmoja aliyekuwa anapita akanipiga picha.

Ramadhani ile picha ikazunguka. Mtu kaandika chini yake, mali ina siri zake, fulani sasa anaabudu sanamu ndio maana anauza. Shangazi yangu Tanga akanipigia simu analia. Mteja mmoja akarudisha dera. Wakati ijumaa zote nikiwa Bangkok naswali Darul Aman pale Phetchaburi Soi 7, mwendo wa miguu tu kutoka sokoni, na nje ya ule msikiti kuna chakula cha halali kizuri kuliko hoteli nyingi za mjini kwetu. Waislamu wako Thailand toka zamani, mikoa ya kusini kama Pattani, Yala na Narathiwat Idi ni mapumziko rasmi. Ila huyo mpiga picha nina uhakika hajawahi kuujua huo msikiti uko wapi, kazi yake kule ni kulala hoteli na kulalamika chakula kinanuka samaki.

Basi niseme kidogo hapa, mtanisamehe. Huwezi kwenda nchi ya watu kuchuma halafu ukadharau kinachowafanya wawe watu. Yule mama wa Pratunam ananipa mzigo kwa mali kauli siku hizi, hajanipa kwa sababu ya sura yangu. 2024 baada ya Idi alinialika kwao Songkran, nikaenda kula sikukuu bila kununua hata soksi, na ndio nikaona Songkran yenyewe, maana zile bastola za maji za mitaa ya Silom na Khao San ni za vijana na watalii. Kwao asubuhi waliosha sanamu kwa maji ya marashi, halafu bibi kizee wa miaka mingi sana akakaa kwenye kiti cha plastiki, kakinga viganja, watoto na wajukuu wanapita wamepiga magoti mmoja mmoja wanammwagia maji ya maua ya asumini mikononi, yeye ananong'ona dua kwa kila mmoja na kumpaka usoni maji yaliyobaki. Mimi nilipiga goti kama nilivyofundishwa kwa bibi yangu, sikuona tofauti yoyote. Desemba 2023 UNESCO waliiweka Songkran kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika, na mimi kwa nilichokiona siku ile siwashangai.

Haya turudi kwenye biashara. Kalenda yao ina vitu viwili vinavyotembea pamoja, mwezi wa angani na ufalme. Za mwezi zinahama kila mwaka: Makha Bucha Februari au Machi, Visakha Bucha Mei au Juni ambayo ni kuzaliwa, kuamka kiroho na kufariki kwa Buddha vyote kwa pamoja, halafu Asahna Bucha Julai, mara chache Agosti, na kesho yake Khao Phansa ndio watawa wanaanza kutulia hekaluni miezi mitatu ya mvua. Za ufalme zina tarehe zake. Tarehe 6 Aprili ni nasaba ya Chakri, ukoo wa wafalme wao, iliyoanza 1782, tarehe 3 Juni kuzaliwa kwa malkia wa sasa, tarehe 28 Julai kuzaliwa kwa mfalme wa sasa Vajiralongkorn, tarehe 12 Agosti ni kuzaliwa kwa marehemu Malkia Sirikit, mama yake mfalme, na ndio Siku ya Mama, tarehe 13 Oktoba ni kumbukumbu ya mfalme Bhumibol aliyefariki 2016, tarehe 5 Desemba ni kuzaliwa kwake na ndio Siku ya Baba. Sikukuu ikidondokea wikendi wanafidia Jumatatu. Na serikali inaweza kuongeza siku ya katikati ili watu wapumzike vizuri, 2025 walifanya hivyo tarehe 2 Juni na tarehe 11 Agosti.

Mwaka huu muogope Julai. Tarehe 28 mfalme, 29 Asahna Bucha, 30 Khao Phansa, zote zimefuatana Jumanne mpaka Alhamisi. Ukiwa na malipo ya benki au karatasi za serikali wiki hiyo utaisoma namba. Angalia kalenda kwanza ndio ukate tiketi, nimesema na nitarudia.

Kuna kaka mmoja tulikuwa naye hoteli moja, siku ya Visakha kaingia 7-Eleven anataka bia, akakuta friji limefunikwa, akaanza kupiga kelele kwamba anabaguliwa. Kaka wa watu, siku tano za Kibudha kwa mwaka madukani pombe haiuzwi kwa mtu yeyote, hata mwenyeji. Toka 2025 wamelegeza kwa mahoteli na viwanja vya ndege vya kimataifa, dukani bado. Na kuhusu mfalme funga mdomo kabisa, wala usitanie, sheria yao kifungu cha 112 ni miaka mitatu mpaka kumi na tano jela. Hata wimbo wa taifa ukipigwa stesheni saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, simama kama wanavyosimama wao, dakika moja haikupunguzii mtaji.

Halafu risiti. Miaka yao wanahesabu toka Buddha, wako mbele yetu miaka 543, kwa hiyo mwaka huu kwao ni 2569. Mimi wakala wangu wa kutoa mizigo alinipigia simu siku moja amechanganyikiwa, dada hii invoisi ni ya mwaka 2566, mzigo umetoka wapi huu, ahera? Siku hizi kabla sijaondoka dukani naomba waandike tarehe ya kizungu pembeni na wagonge muhuri, wanakubali bila shida.

Na mwaka mpya wa Kichina, ambao wala haumo kwenye sikukuu za taifa, nao unafunga maduka mengi, maana wenye nayo wengi wana asili ya Uchina. Mwaka huu ulikuwa tarehe 17 Februari. Huo pia unahama.

Mdogo wangu mwenye tiketi kanijibu jioni, anasema shirika linataka faini kubadilisha tarehe, bora aende hivyo hivyo atapambana huko huko. Nimemwambia lipa faini, nenda baada ya tarehe 20 mafundi wakiwa wamerudi. Kaniwekea emoji ya kucheka.